Picha ya Hori Lisilo na Watu

Kila asubuhi Nokwazi Ngubane alianza na fagio. Alifagia uwanja kutoka mlangoni kwa bibi yake hadi kwenye zizi la mbuzi, kisha akaenda bombani kuchota maji. Mara nyingi bomba lilikuwa kavu. Wakubwa walilifungua wakati wa uchaguzi, wakapigwa picha wakinywa, wakaondoka na maji yenyewe. Basi Nokwazi alishika njia ya ziwani na ndoo yake kichwani, akarudi, akanywa uji, akavaa sare na kwenda shule.

Nilimwona kila siku, maana nyumba yangu na yao zinatenganishwa na ua wa miiba tu. Alikuwa darasa la saba, mwembamba, mwenye maneno mengi na Kiingereza kizuri kuliko wenzake wote.

"Umeamkaje, Babu Zikhali?" aliniuliza akipita.

"Nimeamka tu, mwanangu. Hilo wakubwa hawajapata namna ya kunizuia."

Alicheka. Watoto hucheka nikisema mambo ya namna hiyo, na mimi huwaacha wacheke.

Mwaka ule nyumba ya akina Ngubane ilikuwa na jambo kubwa. Phumelele, dada yake Nokwazi, alikuwa anaolewa mwezi wa Julai na kijana wa ukoo wa Nxumalo, ng'ambo ya mto. Kwetu bibi harusi haingii kwa wakwe mikono mitupu. Baba mkwe, mama mkwe, mashangazi, wajomba, na bibi kizee wa mwisho pale nyumbani, kila mmoja hutandikiwa mkeka wake mpya mbele ya watu. Na mkeka wenyewe ni wa ncema, yale majani membamba ya majini, yaliyokatwa kwa mundu, yakakaushwa, yakasukwa kwa mkono.

"Bibi, kwa nini tusinunue ile mikeka ya plastiki ya dukani?" Nokwazi aliuliza siku moja. "Ina maua mazuri."

MaMthembu, bibi yake, aliacha kusuka. "Mama mkwe wa dada yako alazwe juu ya plastiki? Ili kila akijigeuza usiku akumbuke kwamba sisi hatuna adabu? Toka hapa, nenda ukafunge mbuzi."

Lakini ncema haioti bustanini. Inaota ukingoni mwa Ziwa Mhlangeni, na ziwa hilo siku hizi liko ndani ya hifadhi. Wazee wetu walikata humo bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha serikali ikaja na waya, ikalizungushia ziwa, ikatuachia ukingo wa kuchotea maji na kufulia. Majani yenyewe tunafunguliwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Mei. Kila nyumba ina kipande chake katika hori dogo la ziwa tunaloliita KwaMbila, jirani na ukingo huo wa kufulia. Mipaka huonyeshwa kwa vigingi, na kila kigingi hufungwa kitambaa cha nyumba husika ili wanawake wasigombane.

Mke wangu MaGumede naye alikuwa na kipande chake. Alikufa. Njia fupi ya kwenda hospitali inapita ndani ya hifadhi, na lango lake hufungwa jua likizama ili magari yasiwasumbue viboko. Usiku ule gari la wagonjwa lilizunguka njia ndefu. Viboko walilala vizuri.

Turudi kwa Nokwazi.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi alikuwa ukingoni na ndoo yake, gari jeupe likasimama. Akashuka mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye kofia pana na kamera shingoni. Jina lake lilikuwa Marike. Alikuwa ametumwa na chama cha watu wa mjini kiitwacho Wapenzi wa Mhlangeni. Wanalipenda ziwa hilo kwa mioyo yao yote, na huja kulitazama wakati wa likizo.

"Binti, unajua Kiingereza? Vizuri. Nionyeshe mahali pazuri kuliko pote," alisema.

Kwa kibali cha mgeni lango la hifadhi likafunguliwa, na Nokwazi akampitisha kwanza upande wa mashariki, kule ambako hifadhi ilitukataza kukata tangu miaka mingi. Bi Marike alitazama, akakunja uso. Majani ya zamani yalikuwa yameanguka juu ya mapya, kila kitu kimesokotana, cha kahawia, kinanuka uozo.

"Hapa hapana," alisema. "Pamechoka."

Wakaenda KwaMbila. Hapo Bi Marike alisimama akashika kifua. Ncema ilikuwa ya kijani kibichi, imenyooka, urefu mmoja, kama nywele zilizotoka kuchanwa. Kati ya majani maji yalimetameta, na korongo wawili walikuwa wanatembea humo taratibu kama wenye shamba.

"Ee Mungu," alisema kwa sauti ndogo. "Hivi ndivyo dunia ilivyokuwa kabla yetu."

Akainua kamera. Kisha akaishusha. "Vile vijiti vyenye matambara ni vya nini? Vinaweza kuondolewa?"

Nokwazi aliona jinsi uso wa yule mama ulivyokuwa umeng'aa, na hakutaka uzimike. Alivua raba, akaingia majini, akang'oa vigingi vilivyoonekana. Vitambaa alivifungua na kuvitia mfukoni, akijiambia atavirudisha baadaye. Akakata tawi akafuta nyayo mchangani. Akawafukuza ng'ombe wawili wa jirani. Akabaki MaSibiya, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, aliyekuwa anafua mablanketi pembeni.

"Mama MaSibiya, tafadhali sogea nyuma ya kile kichaka. Mgeni anapiga picha."

"Nisogee? Nimeharibika nini mimi?"

"Hujaharibika, mama. Anataka ziwa tupu."

"Ziwa tupu ndilo litakalonifulia mablanketi?" MaSibiya alicheka, akabeba beseni lake, akachutama nyuma ya kichaka. "Mwambie afanye haraka! Magoti yangu si ya mtoto wa shule!"

Picha ikapigwa. Zikapigwa nyingi. Bi Marike alipomaliza alimgeukia Nokwazi.

"Niambie kweli. Watu huwa wanakuja hapa?"

Jibu lilikuwa nyuma ya kichaka, linasonya kwa maumivu ya magoti. Lakini Nokwazi alijua mgeni wake alitaka kusikia nini.

"Hapana, mama," alisema. "Hakuna anayekuja hapa. Ni ndege tu."

Bi Marike alimkumbatia. Akamwita mtoto wa ziwa. Kutoka kwenye gari akatoa mkoba mpya wa shule, wa buluu, wenye picha ya ndege, akampa.

Jumatatu shule nzima iliuona mkoba ule. "Umeupata wapi?" aliuliza Zethu, rafiki yake.

"Nimepewa na mzungu. Aliniambia mimi ni mtoto wa ziwa."

"Mtoto wa ziwa ni chura," Zethu alisema, na darasa likaangua kicheko. Nokwazi hakujali. Alitembea na mkoba wake kama waziri. Vile vitambaa alivisukuma chini kabisa, chini ya madaftari, akavisahau, au akajifanya amevisahau. Wanawake walipoona vigingi vyao havipo, walisema ni viboko waliovikanyaga.

Mwishoni mwa Aprili picha ilirudi, kubwa kama mlango. Ilibandikwa langoni mwa hifadhi, dukani na ukutani pale shuleni. Hori la KwaMbila lilikuwa limelala humo, kijani na fedha, na korongo wawili. Chini yake maandishi yalisema: *Hapa hapajawahi kukanyagwa na mtu. Tupaache hivyo.*

Pembeni yake palibandikwa tangazo lenye sahihi ya meneja wa hifadhi, Bwana Dlozi. Dlozi huyo ni wetu kwa rangi na kwa lugha, ila amekaa ofisini mpaka amesahau majani hukatwa kwa nini. Tangazo lilisema mwenyeji amethibitisha kwamba mahali pa picha hapafikiwi na mtu, na kwamba mwaka ule ziwa lote halitafunguliwa kukatwa. Anayetaka ncema akanunue kwa wafanyabiashara mjini.

Jioni ile hapakuwa na nyimbo nyumbani kwa akina Ngubane. Phumelele alikaa kizingitini akilia.

"Bibi, tuahirishe harusi?"

"Tuahirishe mpaka lini? Mpaka Dlozi aoe?" MaMthembu alisema. Lakini mikono yake ilikuwa imelala mapajani bila kazi, na mimi sijawahi kuiona mikono ile bila kazi. "Nina mikeka miwili tu. Akina Nxumalo ni wengi kama mchwa. Nani nitamtandikia, na nani nitamwambia alale chini?"

"Shangazi wa mchumba wangu amesharusha maneno," Phumelele alisema huku anafuta macho. "Ameuliza kama wanaleta bibi harusi au wanaleta mdomo tu."

Nokwazi aliyasikia yote akiwa nyuma ya mlango, amekumbatia mkoba wake. Kesho yake alipotoka shule hakwenda kwao. Alikuja kwenye ua wa miiba akasimama.

"Babu Zikhali."

"Sema."

"Nikikuambia jambo utanipiga?"

"Kwa mikono hii ya uzee? Sema kabla sijalala."

Akanieleza yote. Vigingi, nyayo, MaSibiya na kichaka chake, na lile jibu alilotoa. Alipofika kwenye jibu alianza kulia.

"Bwana Dlozi ameandika kwamba mwenyeji amethibitisha. Mwenyeji huyo ni mimi, Babu."

Hasira nilikuwa nayo, lakini hasira yangu ilikuwa imezoea watu wakubwa zaidi ya huyu.

"Kwa nini ulimwambia vile?"

"Alikuwa amefurahi sana. Niliona nikimwambia kuna watu, atasikitika."

"Kumbe wewe na mimi tumetoka ukoo mmoja wa watu wanaofutwa, ila wewe umejifuta mwenyewe," nilimwambia. "Sikiliza. Mimi nimepiga kelele kwenye ile ofisi mpaka koo likakauka. Wameniandika kwamba ni mzee mlevi, na pombe siigusi. Neno langu halina uzito kwao. Lakini neno lako wameliamini, wakalibandika ukutani. Aliyesema uongo ukaaminiwa ana kitu ambacho mimi sina. Jumamosi kuna mkutano wa hifadhi. Nenda kasimame useme."

"Bibi atanichukia. Phumelele atanichukia."

"Watakasirika. Kisha watapika, na wewe utakula. Kinyume chake ni dada yako kukaa nyumbani bila kuolewa, na wewe kubeba mkoba huo kila siku ukijua."

Aliutazama mkoba kama mtu anayetazama nyoka.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Bwana Dlozi alikaa mbele na miwani yake, na pembeni yake Bi Marike pamoja na wenzake watatu wa chama chao, wamekuja kusikia furaha yetu. Ile picha kubwa ilitundikwa nyuma yao.

Dlozi alizungumza muda mrefu. Alisema ziwa ni kama mgonjwa, linataka kuachwa lipumzike. Alionyesha picha. "Tazameni jinsi mahali panavyopendeza pasipoguswa."

"Hapo tunakata kila mwaka!" MaMthembu alisema kutoka kwenye benchi.

"Mama, ninyi mnakata mahali pengine. Mnachanganya."

MaSibiya akasimama. "Baba Dlozi, mimi siku ile picha inapigwa nilikuwepo! Nilikuwa nyuma ya kichaka kile pale, upande wa kulia!"

Ukumbi ulicheka. Dlozi naye akageuka, akavua miwani, akakisogelea kichaka mpaka pua ikaigusa picha.

"Simwoni mtu hapa, mama."

"Utanionaje na nimejificha?"

Kicheko kikazidi, na wale wageni wakacheka pia walipotafsiriwa. MaSibiya akakaa, uso umemshuka. Dlozi alirudi mezani. "Isitoshe," alisema, "mwenyeji wa hapahapa alimwambia mgeni wetu kwa kinywa chake kwamba hakuna mtu anayefika pale. Hilo limekwisha. Tuendelee."

"Halijaisha."

Sauti ilikuwa ndogo. Nokwazi alikuwa amesimama katikati ya watoto, mkoba mkononi.

"Mwenyeji huyo ni mimi," alisema, kwanza kwa lugha yetu, kisha kwa Kiingereza, akimtazama Bi Marike. "Nilikudanganya, mama. Watu wanakuja pale. Wanakuja kila siku. Niliwaondoa. Nilifuta nyayo, nikafukuza ng'ombe, nikamwambia Mama MaSibiya ajifiche. Nilisema uongo kwa sababu nilitaka uendelee kufurahi, na kwa sababu ulikuwa unanisifu."

Nilimwona MaMthembu akishika mdomo kwa mkono. Phumelele aligeuka akamtazama mdogo wake kana kwamba hamjui.

Nokwazi alitembea mpaka mbele. Akafungua mkoba, akatoa madaftari, akauinua na kuukung'uta juu ya meza ya Dlozi. Vitambaa vikaanguka, vyekundu, vya njano, vya maua.

"Hivi vilikuwa kwenye vigingi. Niliving'oa ili picha ipendeze."

Kisha mwanamke mmoja akapiga kelele, "Hicho chekundu changu! Ni shuka la marehemu baba!" Mwingine akasukuma watu akienda mbele. "Na hicho cha mistari ni gauni langu la kanisani!" Wakaizunguka meza, kila mmoja akichukua chake na kukipandisha juu ili watu waone, na Dlozi akawa anarudi nyuma na kiti chake kama mtu aliyevamiwa na siafu.

Mezani kikabaki kimoja. Kilikuwa cha kijani, chenye nukta nyeupe, kimefifia kwa maji. Hakuna aliyekigusa. Wanawake walinitazama mimi.

Kilikuwa kipande cha kilemba cha MaGumede.

Sikujua kwamba kigingi chake bado kilikuwa kimesimama. Tangu tulipomzika sikuwa nimefika KwaMbila. Wanawake wale walikuwa wamekata vipande vyao mwaka baada ya mwaka, na cha MaGumede wakakata pia wakawagawia wajane, na kigingi chake wakakirudisha mahali pake. Hakuna aliyeniambia. Nilienda mezani nikakichukua, nikakishika. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwambia Dlozi siku ile, yote yakanipotea.

Dlozi alijikohoza. "Vitambaa vinaweza kutoka popote," alisema.

Ndipo Bi Marike akainuka. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni. "Twende ziwani," alisema. "Sasa hivi."

Tukaenda, ukumbi mzima. Dlozi alifungua lango, maana asingeweza kuwaambia wale wageni kwamba funguo zimepotea, kama alivyozoea kutuambia sisi. Bi Marike alitangulia. Alisimama kwanza upande wa mashariki, kwenye yale majani ya kahawia yaliyoanguka.

"Hapa mnakata?"

"Tulikatazwa zamani," MaMthembu alimjibu, na Nokwazi akatafsiri. "Yasipokatwa yanajilalia, yanajinyonga."

"Na kule?"

"Kule tunakata kila mwaka. Ndiyo maana yamesimama."

Bi Marike alitazama huku, akatazama kule. Korongo walikuwa kule. "Nilipita hapa siku ile," aliwaambia wenzake polepole. "Nikasema pamechoka. Nikaenda kupiga picha shamba la hawa kina mama, nikaandika kwamba hapajawahi kukanyagwa na mtu."

Dlozi hakutaka kushindwa mbele ya watu. Akaonyesha kwa kidole mahali penye doa tupu, matope matupu kati ya majani. "Na hapo je? Nani ameng'oa mpaka mizizi? Sheria inasema mundu. Mnasema mnalitunza ziwa. Nani alifanya hivi?"

Watu walitazama miguu yao. Neno lake lilikuwa la kweli, na neno la kweli likitoka kwa mtu unayemchukia huwa chungu mara mbili. Wengine tulikuwa tumeshafungua midomo tuseme ni viboko.

MaSibiya akasogea mbele. Alimtazama Nokwazi kwanza.

"Kama mtoto huyu ameweza," alisema, "mimi na mwili wote huu nitashindwaje? Ni mimi. Mwaka jana nilichelewa, siku ya kufunga ilikuwa imefika, mundu wangu haukati hata siagi. Nikang'oa. Mahali pale hapajaota tena." Akamgeukia Dlozi. "Sasa andika. Andika na kwamba nilikuwa nyuma ya kichaka!"

Safari hii hakuna aliyemcheka. Hata Dlozi alishusha kidole.

Wale watu wa mjini walijitenga wakanong'ona, kisha Bi Marike akarudi. Alisema picha itabanduliwa leo hii. Alisema chama chake kitaandika barua kwamba KwaMbila ifunguliwe, kwa mundu tu, na wanawake wenyewe wasimamie vipande vyao na kumzuia anayeng'oa. Na upande wa mashariki nao ujaribiwe kukatwa.

"Nitawasiliana na ngazi za juu," Dlozi alisema.

Na kweli aliwasiliana, na jibu lilirudi kabla ya wiki kwisha. Nataka ninyi mnaosoma mjue hili vizuri. Sisi tulisema jambo hilohilo miaka na miaka, hakuna ngazi iliyosikia, wala ya juu wala ya chini. Mgeni alisema mara moja, wakasikia. Hilo sijawasamehe. Lakini siku ile yule mgeni alisema kweli yetu, na kweli hiyo aliipata kwa mtoto.

Lango lilifunguliwa Mei, asubuhi yenye baridi na ukungu. Wanawake waliingia majini wakiwa wamefunga magauni viunoni, miundu imenolewa mpaka inameta, vigingi vimesimama upya na vitambaa vyake. Matita ya ncema yalitoka majini vichwani mwao kama msafara wa majani yanayotembea. Bi Marike alikuwepo na kamera yake, na safari hii hakuomba mtu asogee. MaSibiya alijisimamisha mbele kabisa, mikono kiunoni.

"Nipige vizuri!" alimwambia. "Leo simo kichakani!"

Nokwazi alikata tangu ukungu hadi jua kali. Mikono yake ilikatikakatika kwa majani, mgongo ukamuuma, wala hakulalamika. MaMthembu alikuwa amemnunia siku kadhaa, kisha akapika kama nilivyosema. Ila alimpa adhabu moja, kwamba mikeka miwili ataisuka yeye mwenyewe kuanzia uzi wa kwanza. Usiku kwa usiku niliyasikia mawe ya kuvutia nyuzi kwenye kiunzi chao cha kusukia yakigongana, tak, tak. Wa kwanza ulipinda akaufumua. Akaanza tena.

Julai tukavuka mto. Phumelele alitandika mikeka mbele ya ukoo mzima wa Nxumalo, mmoja baada ya mwingine, kama desturi inavyotaka. Mama mkwe alijilaza juu ya wake, akafunikwa blanketi, akainuka akicheza na wanawake wakampigia vigelegele. Baba mkwe alijilaza akajifanya anakoroma, mpaka wakamwinua kwa nguvu. Mkeka wa mwisho ulikuwa wa yule shangazi mwenye maneno. Ulikuwa mmoja wa mikeka ya Nokwazi. Shangazi aliupapasa ukingo kutafuta kasoro, akaupapasa tena.

"Nani kausuka huu?"

"Mdogo wangu, shangazi," Phumelele alisema.

Shangazi akajilaza. Akafumba macho. "Basi niacheni hapa hapa mpaka kesho," alisema, na uwanja mzima ukalipuka.

Jioni, tulipokuwa tunavuka mto kurudi, MaMthembu alimshika Nokwazi mkono. Nilikuwa nyuma yao nikasikia.

"Yule mama analipenda ziwa letu," alimwambia. "Usimdharau kwa hilo, nasi tunalipenda. Lakini alilipenda bila kulijua, na wewe uliyelijua ukamficha. Mgeni akikuuliza kwenu kukoje, mwambie jinsi kulivyo. Mwambie tunachota maji, tunafua, tunakata, na wakati mwingine tunakosea. Ukitufuta sisi ili yeye afurahi, kesho atakuja mwenye cheo akute hatupo, na atapachukua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Na ulipokosea ulisimama mbele ya watu ukarekebisha. Wakubwa wengi wamekufa bila kujifunza hilo. Shika ndoo, tusichelewe."

Mimi niliingia kwangu nikiwa nimechoka. Nilisukuma mlango, mguu wangu ukakanyaga kitu laini. Kitandani kwangu, juu ya godoro lililokufa, palikuwa pametandikwa mkeka mpya wa ncema, bado unanukia ziwa. Ule wa pili wa Nokwazi. Ncema yake ilikatwa kwenye kipande cha MaGumede, nilijua, kwa sababu kwenye kona moja mtoto alikuwa amesukia ndani kile kitambaa cha kijani chenye nukta nyeupe nilichompa anitunzie. Mwingine mdogo, wa kufutia miguu, ulikuwa pale mlangoni.

Lango la hifadhi bado linafungwa usiku. Mwezi ujao kuna mkutano mwingine, na Nokwazi amesema atakuja kukaa karibu nami nitakaposimama kuuliza kuhusu lango hilo lililomchelewesha MaGumede. Usiku ule nilijilaza juu ya mkeka wangu, nikalala mpaka jua likanikuta.